Moyo Ulioitikia Jina la Mwingine

Katika Mindu Mpya nzima, tangu kituo cha reli ya juu mpaka ngazi ya mwisho kule mlimani, hapakuwa na mwanamke wa miaka sabini na moja mwenye moyo imara kama wa Bi Tunu Lukwele. Hivyo ndivyo alivyosema Bi Tunu mwenyewe, kwa sauti kubwa, akiwa bafuni na ndoo yake, mahali ambapo wa kumbishia ilikuwa ni sabuni tu. Na sabuni nayo, kama alivyokiri baadaye, ilimponyoka, akatumia dakika nzima kuiokota, huku kashika ukuta na kumwita marehemu mama yake.

Lakini jambo moja lilikuwa kweli bila chumvi. Moyo wa Bi Tunu haukuwahi kuandikwa katika faili la zahanati yoyote. Kwenye mji ule, mtu akishavuka sitini, akaugua hata mafua, anafunguliwa faili, na faili likishafunguliwa halifungwi tena. Mashine ya zahanati inalimeza jina lako, na kila asubuhi inakuuliza umelalaje na choo umepata. Bi Tunu hakuugua. Au tuseme aliugua, akanywa chai ya mchaichai, akanyamaza.

Jumatano moja ya mwezi wa nane, asubuhi, alikuwa amesimama katika duka la Bwana Semkiwa, kavaa raba na kanga mbili, akitazama sakafu kwa mashaka. Sakafu ile ya kioo ilikuwa inadunda. Kila mteja aliyejaribu kifaa, moyo wake ulionekana chini ya nyayo zake kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa kokoto, na sauti yake ilitoka darini kama ngoma. Kijana mmoja mnene alikuwa anapiga mdundiko. Bibi harusi mtarajiwa kule pembeni alikuwa anapiga kitu ambacho hata wapiga ngoma hawajakipa jina. Na katikati yao alizunguka Msikivu, roboti wa duka, mwili mviringo kama sufuria ya pilau, shingo ndefu, vidole laini. Yeye alitega sikio kwa kila ngoma na kusema, "Huu una afya," au "Huu umekunywa kahawa," au, kwa upole mkubwa, "Huu ungemwona daktari leo."

"Shikamoo, bibi," Msikivu alimwamkia.

"Marahaba. Nataka kipimapigo. Kisiwe na maneno mengi."

Hakuja kwa hiari. Klabu yao ya joging, Pumzi Moja, ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Jumamosi hakuna kukimbia bila kipimapigo. Wiki iliyopita mwenzao mmoja alianguka penye kona ya juu, katikati ya wimbo, na watu wakadhani anacheza. Wakampigia makofi. Mzee alipona, lakini makofi yale yaliwakaa vibaya wote, na katibu akasema basi, kila kifua kiwe na shahidi wake.

"Kuna hii bangili," alisema Msikivu, akanyoosha kidole chenye bangili. "Inamulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kutazama damu inavyokuja na kuondoka. Kwa matembezi inafaa. Ukikimbia, mkono ukatikisika na jasho likaingia, inapotea hesabu."

"Kama karani aliyekula ugali mchana," alidakia Bwana Semkiwa, mwenye duka, kutoka nyuma ya kaunta. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani na kitambi, na alikuwa akipenda kuona roboti wake anavyohangaishwa na wateja.

"Naijua bangili," alisema Bi Tunu, akaangalia pembeni.

"Kuna hereni. Inasikiliza damu ya sikio, haitikisiki sana, na inakusemesha unapokimbia. Punguza mwendo, ongeza mwendo, kunywa maji."

"Nimeolewa mara mbili, mwanangu. Masikio haya yamekwisha kuambiwa ya kutosha."

Bwana Semkiwa akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Basi mkanda wa kifua," alisema Msikivu bila kucheka. "Huu hauangalii damu. Unasikiliza umeme wa moyo wenyewe."

"Moyo una umeme?"

"Mdogo sana, bibi. Ndio unaouamrisha moyo upige. Mkanda unaukamata pale pale unapozaliwa, kabla haujafika mkononi wala sikioni. Kwa mkimbiaji hakuna kilicho sahihi zaidi."

Bi Tunu akaupapasa. Ulikuwa mwepesi, laini kama utepe wa gauni. Kama ni kununua, alisema moyoni, anunue kitu cha maana. Na kule kuijua bangili, hilo halikuwa jambo la kumsimulia roboti.

Kwa miezi ishirini na mitatu, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Bi Tunu alikuwa amekimbia na bangili mkononi, na bangili haikuwa yake. Ilikuwa ya Leokadia.

Leokadia Kobelo alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Walikaa dawati moja, na siku mwalimu anaita majina, mmoja akiwa amechelewa kwa kuteka maji, mwenzake aliitika, "Nipo!" kwa sauti ya mwenzake. Tunu aliitika katika madarasa mawili kwa jina la Leokadia, na Leokadia naye alipigwa fimbo mbili kwa jina la Tunu, wakahesabu wameshalipana. Walipokua, desturi ikaendelea. Kwenye kikundi cha kuzikana, kwenye mkutano wa mtaa, penye kupanga foleni ya maji enzi zile kulipokuwa bado na foleni, aliyekuwepo alimwitikia asiyekuwepo. Desturi hiyo waliiita kuitikiana, na hawakuona kosa lake.

Miaka miwili nyuma Leokadia alikwenda zahanati, akarudi na bangili na uso uliokunjamana. "Goti," alimwambia Tunu. "Wananitaka nifanye mazoezi siku tatu kwa wiki, na goti halitaki. Nisipofanya, wananipeleka kwenye Ghorofa za Uangalizi. Niitikie, mwenzangu."

Ghorofa za Uangalizi zilikuwa kule bondeni, nyeupe, safi, hazina hata kizingiti cha kujikwaa. Chakula kiliingia kwa kidirisha. Jiko halikuwepo, maana moto na uzee, mji ule ulisema, havikai chumba kimoja. Walihamishiwa huko wazee dhaifu waliokuwa wakiishi peke yao, na Leokadia aliishi peke yake, juu kabisa, ngazi ya mia mbili na kumi na nne, kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe, na mafiga yake matatu. Tunu hakuuliza swali la pili. Alinyoosha mkono akavishwa bangili.

Wakapanga vizuri. Leokadia alikuja pale klabu inapoanzia, akaimbisha, maana sauti ya kwanza ya Pumzi Moja ilikuwa yake na hakuna aliyemfikia. Kundi likiondoka, yeye akabaki nyuma na birika la uji. Mhesabu-mbio, kile kimashine kilichoruka juu ya vichwa vyao, kilihesabu bangili, hakikuhesabu sura. Na Tunu akakimbia mvua na jua, jasho lake likiandikwa kwa jina la mwingine, akajiona mjanja kuliko mji mzima.

"Nenda nyuma ya pazia, bibi," alisema Bwana Semkiwa. "Ulowanishe kidogo kwa maji hapo ndani, umeme upite vizuri. Halafu uufunge chini ya matiti, ukukamate lakini usikukabe."

Bi Tunu akaenda, akahangaika, akatoka kajishika kiuno kama bondia.

"Sasa umri," alisema Msikivu. "Nautoa katika mia mbili na ishirini, ninapata kikomo cha mapigo yako kwa dakika. Hapo ndipo mkanda utakapokuonya."

"Hamsini na nane," alisema Bi Tunu bila kupepesa.

Mawimbi chini ya raba zake yakaruka kidogo. Kijana mnene akayaona, akaziba mdomo. Kisha taa ndogo ya mkanda ikawaka kijani, na sauti ya kike, ya adabu, ikatoka kifuani kwake.

"Karibu tena, Bi Leokadia Kobelo."

Bi Tunu akageuka kutazama mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Nani?"

"Bi Leokadia Kobelo," alisema Msikivu, "wa ngazi ya mia mbili na kumi na nne, miaka sabini na moja. Umekosea umri kwa miaka kumi na mitatu, lakini hilo hutokea sana katika duka hili."

"Mimi ni Tunu Lukwele! Sina faili popote!"

"Moyo wako una faili, bibi."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekuambia una vumbi begani. Bi Tunu akamtazama Bwana Semkiwa, ambaye sasa hakuwa anacheka.

"Hebu nifahamishe wewe, baba. Huyu sufuria anasema nini?"

Bwana Semkiwa akazunguka kaunta, akaja karibu na kushusha sauti. "Mama yangu, kila moyo una namna yake ya kupiga. Si kasi yake, kasi inabadilika. Ni ule mwendo wenyewe, unavyoinuka na kushuka. Tunaiita alama ya pigo. Ni kama alama ya kidole, haiwi ya watu wawili. Bangili za zahanati hulala muda wote, zikaamka mtu akianza kukimbia. Wiki ya kwanza zinajifunza alama ya mvaaji, zinaitia kwenye faili lake. Basi. Kuanzia hapo moyo huo ukisikika popote, mji unajua ni wa nani."

"Wiki ya kwanza," alisema Bi Tunu taratibu.

"Wiki ya kwanza."

Wiki ya kwanza bangili ile ilikuwa mkononi mwake. Na ya pili. Na zote. Yeye ambaye hakuwahi kuandikwa, kumbe alikwisha kuandikwa siku nyingi, ukurasa kwa ukurasa, kwa jina ambalo si lake.

Akaona haya kwanza. Haya ilikuwa ndogo. Alianza kutafuta uongo wa kumtoa pale, na alikuwa nao wa aina tatu tayari, wa tatu ukiwa mzuri kabisa, wakati Msikivu, kwa kutaka kumfurahisha mteja, alipoongeza maneno.

"Ni moyo wa kupongezwa sana. Faili lilipofunguliwa ulikuwa umepanuka, unasukuma nusu ya damu inayotakiwa. Sasa unasukuma kama wa mama wa miaka hamsini. Ndiyo sababu zahanati ilikusitishia dawa mwezi wa tatu. Hongera, Bi Leokadia."

Uongo wote ukamtoka kichwani.

"Dawa gani?"

"Dawa za moyo."

"Za goti," alisema Bi Tunu. "Yeye ana goti."

"Katika faili hili hakuna goti, bibi."

Chini ya raba zake mawimbi yakagongana, yakavurugika, na ngoma iliyotoka darini ikawafanya wateja wote wageuke. Bwana Semkiwa akavuta kiti. "Kaa, mama. Kaa kwanza."

Hakukaa. Aliinua kanga yake kwa mikono miwili akatoka mlangoni.

"Mama! Mkanda!"

"Naujaribu kama unajua kukimbia!" alijibu Bi Tunu, tayari yuko ng'ambo ya barabara.

Watu wa Mindu Mpya walikuwa wamezoea kuona maajabu. Walizoea roboti wa kufagia wakipishana na mbwa, na vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba vikipanda mlima Uluguru na mizigo ya njegere. Lakini bibi aliyekimbia huku kifua chake kikimtangaza njiani, hilo waliligeukia.

"Mapigo mia moja thelathini na mbili," ulisema mkanda. "Vizuri, Bi Leokadia."

"Nyamaza."

"Mia moja arobaini na tano. Unakaribia kikomo, Bi Leokadia."

"Nimesema nyamaza! Si Leokadia mimi!"

Alipofika kwenye ngazi ilibidi atembee, na kutembea ndiko kulikomwumiza, maana kukampa nafasi ya kukumbuka. Alikumbuka Leokadia alivyoanza kukata beti. Nyimbo zile za mchakamchaka zilikuwa na beti nane, na tangu mwezi wa nne Leokadia aliimba tano, halafu tatu, akisema vijana wa siku hizi hawana subira. Alikumbuka birika la uji lilivyogeuka chupa ndogo ya chai. Alikumbuka Jumamosi ile Leokadia alipokuja kakaa juu ya jiwe, akaimbisha kwa kukaa, na yeye Tunu akamtania mbele ya klabu nzima: "Tazameni, malkia kaletewa kiti!" Watu wote wakacheka. Leokadia naye akacheka, akaweka mkono kifuani. Tunu alidhani mkono ule ulikuwa wa kucheka.

Ngazi ya mia na tisini akasimama, akajishika. Kifuani kwake moyo ulikuwa unapiga kwa nguvu, safi, mzima kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliuchukia.

Leokadia alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, ungo wa maharage magotini, anachambua. Kanga ilikuwa imefunika miguu mpaka chini. Kando yake, ndani, mafiga matatu yalikuwa yanatoa moshi mwembamba.

"Mbona unahema kama umefukuzwa na mume wa mtu?" aliuliza.

"Nimekuja kuliangalia goti."

"Goti gani?"

"Ahaa," alisema Bi Tunu, akachuchumaa mbele yake, na kabla Leokadia hajawahi kuushika mkono wake akaifunua kanga.

Miguu ilikuwa imevimba yote miwili, inang'aa, kuanzia vidole hadi chini ya magoti. Bi Tunu akabonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale, kama kwenye unga wa mkate, likachelewa kurudi.

Maharage machache yakaanguka kutoka kwenye ungo.

"Nimetoka dukani, Leoka," alisema Bi Tunu. "Nimeambiwa nina faili. Nimeambiwa moyo wangu ulikuwa mbovu umepona. Nimepewa hongera. Unajua hongera hiyo ni ya nani?"

"Tunu..."

"Usiniite Tunu! Huko mjini mimi ni Leokadia!" Alitaka iwe mzaha, ikamtoka kama kilio. "Kwa nini hukuniambia ni moyo?"

Leokadia akaokota harage moja, akalitazama sana.

"Ungekubali kukimbia, kama ungejua ni moyo?"

"Hapana!"

"Umeona."

"Ningekupeleka zahanati kwa masikio!"

"Umeona tena." Akapumua, akapumzika katikati ya pumzi, akaimalizia. "Walisema wanapima miezi sita. Moyo usipopata nguvu kwa mazoezi na dawa, nashuka bondeni kwenye makabati yale meupe. Nikajaribu kukimbia siku ya kwanza, bado hata bangili sijaifunga. Nilifika ngazi ya thelathini. Nikasema, kuna moyo mmoja naujua mimi hauchoki, ngoja niuazime kidogo. Dawa nilikuwa nakunywa, Tunu, nakula kiapo. Zilikuwa zinanisaidia."

"Mpaka mwezi wa tatu."

"Mpaka mwezi wa tatu. Kile kimashine cha kuruka kinacholeta dawa kilikuwa kinatua hapo ukutani kila Ijumaa. Ijumaa hiyo kikatua hakina kitu, kina barua tu. Hongera, moyo wako umepona, dawa sasa zingekudhuru."

"Na wewe ukajua si kweli!"

Hapo Leokadia akainua macho, na kilichokuwemo machoni mle ndicho kilichomtisha Bi Tunu kuliko miguu.

"Ndilo jambo lenyewe. Sikujua. Wiki ya kwanza nilijua, nikacheka peke yangu humu ndani. Baadaye kila asubuhi mashine inaniambia, Bi Leokadia, moyo wako ni wa mama wa miaka hamsini. Kila asubuhi. Nikipanda ngazi nikakosa pumzi najiambia, huu ni uvivu, mashine haina sababu ya kunidanganya. Miguu ikivimba nasema ni chumvi. Nikaacha chumvi. Mimi na kifua changu tulikuwa wawili, mashine ilikuwa na mji mzima. Nikaiamini, Tunu. Nilisahau kabisa kwamba ule moyo ni wako."

Bi Tunu akakaa chini, pale pale sakafuni, katikati ya maharage. Miezi mitano. Kila hatua aliyoikimbia kwa bidii, kila Jumamosi aliyojisifu kwamba amewapita vijana kwenye kona, alikuwa anamnyang'anya mwenzake kidonge mdomoni.

Akagonga kifua chake kwa ngumi. "Wewe mkanda! Niitie zahanati!"

"Zahanati inakusikiliza, Bi Leokadia," ilisema sauti nyingine, nzito kidogo.

"Mimi si Leokadia. Mimi ni Tunu Lukwele. Leokadia ni huyu hapa, miguu imevimba, anataka dawa zake sasa hivi."

"Mapigo yako ni mia moja na kumi na nane na yanashuka vizuri. Huhitaji dawa, Bi Leokadia. Pumzika na unywe maji."

"Sikiliza mdomo wangu, usisikilize kifua!"

"Watu hukosea maneno wakichoka," ilisema sauti kwa huruma. "Moyo haukosei. Moyo unasema ni wewe."

Bi Tunu alikuwa amewahi kudanganya viongozi wa mtaa watatu, mapadri wawili na kadhi mmoja, na wote walimwamini. Leo, siku ya kwanza anasema kweli tupu, hakuna anayemsikia.

"Haya, nieleze," alisema akijishikilia. "Faili likiwa na makosa, linasahihishwaje?"

"Mwenye faili avae mkanda, ajibu swali moja. Mkanda ukisikia moyo usio ule ulioandikwa, faili linaanza upya kama siku ya kwanza, na dawa za siku ya kwanza zinaondoka hapa muda huo huo."

Bi Tunu alikuwa amekwisha kuufungua kabla sauti haijamaliza. Akauchovya kwenye bakuli la maji ya maharage.

"Inua mikono."

"Sivai," alisema Leokadia.

"Leoka."

"Kama siku ya kwanza, umesikia? Siku ya kwanza ndiyo iliyotaka kunipeleka bondeni. Hii nyumba mume wangu alibeba matofali yake mgongoni, ngazi kwa ngazi. Nikafie kwenye kabati, nalishwa kwa kidirisha kama njiwa?"

"Wanaohamishwa ni wanaoishi peke yao."

"Na mimi naishi na nani? Na panya?"

"Na mimi," alisema Bi Tunu. "Leo jioni naleta kitanda. Nyumba yangu namwachia mjukuu, kila siku ananiuliza kwa adabu nitakufa lini. Nahamia hapa."

Kona moja ya mdomo wa Leokadia ikaanza kutikisika.

"Na huo mkoromo wako?"

"Mkoromo nao unahama. Hatuwezi kutengana, tumetoka mbali."

"Utanimalizia maharage."

"Nitakumalizia. Inua mikono, mama we, kabla sijakuvisha kwa nguvu na majirani wanaona."

Leokadia akainua mikono, taratibu, kama mtu anayejisalimisha polisi. Bi Tunu akaupitisha mkanda chini ya gauni, akaufunga. Mbavu za rafiki yake zilikuwa zimetokeza. Chini ya vidole vyake alikisikia kitu, kidogo, chepesi, kinakimbia, kinajikwaa, kinanyanyuka, kinakimbia tena. Akaondoa mkono upesi kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Utasema kweli?" aliuliza.

"Nitasema kweli."

"Kweli tupu?"

"Tunu, mimi ni mtu mzima na ni mkatoliki. Nimesema nitasema kweli."

Taa ndogo ikawaka njano. Sauti nzito ya zahanati ikasema, "Mwenye faili, jibu kwa sauti yako. Je, ni wewe mwenyewe uliyekimbia na bangili hii kwa miezi ishirini na mitatu?"

Leokadia akatazama mafiga yake. Akatazama ukuta, matofali ya mumewe. Akatazama mlango, na ngazi zote mia mbili na kumi na nne zikishuka kuelekea bondeni, kwenye yale majengo meupe yaliyong'aa kwa jua la saa nne. Akakaa wima kwenye kigoda, akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, na kwa ile sauti yake ya kwanza, sauti ya kuamsha klabu nzima, akajibu:

"Ni mimi! Mimi mwenyewe, Leokadia Kobelo! Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mvua na jua, mpaka kona ya juu na kurudi, na huyu hapa ni shahidi wangu!"

Bi Tunu akashika kichwa.

Taa ya mkanda ikawaka, ikazimika, ikawaka tena, kama mtu anayechungulia dirishani kabla ya kufungua mlango.

"Karibu, mgeni," ukasema. "Moyo huu sijawahi kuusikia."